Wiki mbili za kozi ya Orff Austria: uzoefu wangu, na marimba ya Keko

Walimu wenzangu mmeniuliza sana inboksi kuhusu ile kozi ya Orff niliyoenda Austria mwaka jana, sa acha niandike mara moja maana kujibu mmoja mmoja nimechoka. Walioandaa siwataji jina kwa sababu kuna sehemu nitalalamika.

Kwa wasiojua, Orff ni namna ya kufundisha watoto muziki kwa kuongea, kuimba, kucheza na kupiga vyombo, vyote vikienda pamoja. Ilianzia Munich, Ujerumani, kwenye Güntherschule, shule iliyofunguliwa 1924, kwa mtunzi Carl Orff na Gunild Keetman, halafu 1961 ikapata chuo chake Salzburg. Keetman hatajwi sana ila vipande vingi tulivyopiga sisi ni vya yule mama.

Viza ndo kipengele. Ada ya Schengen euro 90, bima ya safari yenye kinga ya euro 30,000, barua ya mwaliko, steitimenti ya benki, barua ya mwajiri kwamba utarudi. Mimi nilimlipa dalali wa mtaani anijazie fomu, akakosea tarehe ya kuzaliwa, nikaanza upya na hela hakurudisha. Jazeni wenyewe jamani, fomu sio ngumu.

Siku ya kwanza nimeenda na daftari jipya na kalamu tatu, nimekaa mbele kabisa kama fom wani. Mwalimu akaingia peku, akatuambia tuvue viatu, akaanza kutembea, na sisi tukamfata. Akipiga kingoma chake tunatembea, akinyamaza tunaganda, akikwaruza ngozi kwa kucha tunageuka, akipiga ukingoni tunatafuta mtu wa kugonganisha nae viganja, yaani saa nzima hakuna aliyeelezwa kitu wala kuambiwa jina la jirani yake, na mimi miguu inauma baridi maana sakafu ya kule asubuhi hata kiangazi ni barafu. Nikasema moyoni, hivi nimekopa sakosi kuja kutembea? Tulipokaa chini akauliza tu, tumefanya nini? Watu wakaanza kutaja wenyewe, kuna mapigo, kuna ukimya, kuna sehemu ya kwanza imerudi mwishoni. Vyote tulishavijua miguuni kabla havijapewa majina. Mimi miaka sita naanza na noti ubaoni, watoto hii inaitwa krocheti, semeni krocheti, wanasema krocheti, kengele inagonga, tunaenda kunywa uji.

Mwili ndo chombo cha kwanza. Kualisha vidole, kupiga makofi, kupiga mapaja, kupiga mguu chini, hizo nne tu, unazipanga kama sauti nne kutoka juu kwenda chini, kundi moja linarudia mpigo mmoja usioisha na wengine wanapanda juu yake. Marimba zilikuja siku ya tatu. Unatoa vibao vya fa na ti, zinabaki do re mi so la, hapo mtoto agonge popote hakuna sauti itakayokera, kwahiyo haogopi kukosea. Na kibao unakitoa kwa mikono miwili, unainua huku na huku kwa pamoja, ukinyanyua upande mmoja unapinda kale kamsumari kanakokishikilia. Yule mwalimu mpole kuliko wote akiona mtu anang'oa kwa mkono mmoja uso unabadilika kabisa.

Afu kumbe vyombo vyenyewe asili yake huku. Orff alipewa marimba ya Kiafrika miaka ya 1920, ndo Karl Maendler, fundi wa vinanda pale Munich, akaanza kumtengenezea za namna hiyo. Nimepanda ndege kwenda kufundishwa marimba, Wamakonde na marimba zao wasinisikie.

Sasa malalamiko. Moja, ada wanakuambia mapema ila vitabu na chakula cha jioni unavikuta hukohuko, na mkate na jibini siku kumi na nne sio mchezo, niliota wali maharage. Mbili, wiki ya pili mkufunzi mmoja akatufundisha "wimbo wa Kiswahili", tukauimba duara zima, mi nasikiliza sielewi hata neno. Akaniangalia kwa furaha anasubiri nikubali. Nikamwambia kwa adabu mwalimu hiki sio Kiswahili, akasema labda ni lahaja. Labda! Nikawafundisha nyama nyama, kiongozi anataja mnyama, akiliwa mnaruka mnajibu nyama, asipoliwa mnabaki chini. Mmarekani mmoja aliruka kwenye paka watu tukalia kwa kucheka. Kile kimchezo kina kuitikizana, kuganda, mapigo na masikio, vyote tulivyokuwa tunafundishwa, na nimekicheza uchochoroni Temeke bila kulipa mtu.

Cheti ni cha ngazi ya kwanza kati ya tatu, hakikuruhusu kufundisha walimu wengine, msidanganyane. Wikiendi nilienda Salzburg kwa treni, nikaona nyumba aliyozaliwa Mozart, Getreidegasse namba 9, foleni ndefu, nikapiga picha nje nikaondoka.

Je, uende? Kama uko darasani tayari na watoto wadogo, na umepata ufadhili walau nusu, nenda. Kama unauza kiwanja, hapana. Waliolelewa kwenye kwaya za kanisani na tonik solfa (do re mi) tangu utoto nadhani wangefaidi zaidi namna ya Kodály kule Kecskemét, Hungaria, wanaimba kwa ishara za mikono, na wanaopenda zaidi kutembea na mdundo kuna namna ya Dalcroze, Geneva. Ghana nako kuna kozi ya Orff-Afrique, mji wa Dzodze, muziki wa Waewe kwa wenyewe, hela ikipatikana ndo naelekea huko.

Niliporudi, mwezi ule wa kwanza ulikuwa vita. Mzazi alikuja na daftari la mwanae, madam mbona la muziki halina kitu? Nikamwambia karibu darasani, akavua viatu vyake vya ofisini, baada ya dakika kumi jasho linamtoka na daftari hakuliulizia tena.

Marimba za Ulaya siwezi kununua, nikaenda Keko, Dar, kwa fundi wa vitanda. Vibao vya mninga, unaviegemeza kwenye kamba karibu na robo kutoka kila mwisho, na siri ni kwamba ukichonga chini katikati sauti inashuka, ukipunguza ncha inapanda, tunapima kwa app ya simu. "Madam, hii mbao inaimba kuliko mke wangu," fundi ananiambia. Vitano vimekaa sawa. Cha la ya juu tulizidisha randa kimeshuka, Jumamosi narudi tukikate ncha.