Zabbix 7.0 kwenye seva za Windows: kuingia inakamata vizuri, wasifu itabidi uupangie mwenyewe

Kwa ofisi ya Kampala yenye seva kadhaa za Windows, na wafanyakazi wa Mbarara au Gulu wanaoingia kwa Remote Desktop, Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya seva, ni chaguo zuri na haina ada ya leseni. Ila anayetegemea kiolezo (template) cha Windows kinachokuja nayo ataona CPU, kumbukumbu, diski, mtandao na huduma (services) basi. Nani kaingia, nani kakataliwa, wasifu (user profile: faili na mipangilio ya mtumiaji) wa nani umegoma kupakia: hayo unayaongeza kwa mkono.

Kuingia ndiko rahisi. Kipengee (item, yaani kitu kimoja kinachofuatiliwa na Zabbix) `eventlog[Security,,,,^4625$,,skip]` kinaleta kila jaribio lililokataliwa, ambalo Windows huliandika kama tukio 4625. Aina yake lazima iwe ajenti tendaji (Zabbix agent (active): programu ndogo iliyo kwenye seva ya Windows inayotuma data yenyewe), na aina ya data iwe Log. Ukiacha ajenti ya kawaida, kipengee kitaonyesha hakitumiki. Wengi hukwama kwenye `Hostname`: jina ndani ya faili la ajenti lifanane herufi kwa herufi na lile la kwenye Zabbix, na `ServerActive` ielekezwe kwenye seva kupitia mlango (port) 10051. Neno `skip` usilisahau, la sivyo ajenti itaanza kutuma rekodi za zamani zote, na tawi linalotumia bando la simu litaumia.

Kwa waliofanikiwa kuingia, tukio 4624 pekee ni kelele tupu, maana kila anayefungua folda ya mtandao anahesabiwa. Chuja hivi, ubaki na aina ya 10, yaani Remote Desktop: `eventlog[Security,"Logon Type:\s+10",,,^4624$,,skip]`. Usitumie kichujio hicho hicho kwenye 4625. NLA (uthibitisho wa mtumiaji kabla ya Remote Desktop kufunguka) ikiwa imewashwa, aliyekosea nenosiri kwenye Remote Desktop huandikwa aina ya 3 (kuingia kwa mtandao), si 10, nawe utadhani hakuna anayekosea. Angalia pia Sub Status, sehemu ya tukio 4625 inayotaja sababu ya kukataliwa: 0xC000006A ni nenosiri baya, 0xC0000064 ni jina lisilokuwepo. Za pili zikimiminika kwa mfululizo, kuna mtu anabahatisha majina kutoka nje. Na umeme ukikatika, seva ikarudi na saa iliyopotoka zaidi ya dakika 5, Kerberos, mfumo wa Windows wa kuthibitisha watumiaji wa domain, itakataa hata wenye nenosiri sahihi. Kabla ya kulaumu watumiaji, tazama saa.

Wasifu ndipo penye kazi. Anza na `eventlog[Application,,,"User Profiles Service",^(1511|1515)$,,skip]` na uiwekee tahadhari ya juu kabisa. Rekodi ya 1511 maana yake mtu amepewa wasifu wa muda: faili atakazoweka kwenye Desktop zitafutika akitoka. Mpigie simu kabla hajatoka. Chanzo mara nyingi ni NTUSER.DAT (faili la mipangilio ya mtumiaji) iliyoharibika baada ya seva kuzimika ghafla. Kwenye rejista, chini ya `ProfileList`, utakuta SID yake (namba ya utambulisho ya mtumiaji) ina mkia wa `.bak`.

Kupima muda wa kupakia, Zabbix haitakusaidia moja kwa moja. Logi ya `Microsoft-Windows-User Profile Service/Operational` huandika tukio 1 mwanzo na tukio 2 mwisho, lakini kutoa tofauti ya saa zake ni kazi ya skripti. Iandike kwa PowerShell, uifunge kwenye Task Scheduler iamke kwa tukio 2, ilinganishe namba ya kikao, kisha itume sekunde kwa `zabbix_sender`, zana ya Zabbix ya kutuma data. Ukiiita kwa `UserParameter` (amri yako mwenyewe ndani ya faili la ajenti) itagonga kikomo cha kawaida cha sekunde 3. Logi yenyewe ni ya takriban MB 1 tu, hujifuta upesi, iongeze:

`wevtutil sl "Microsoft-Windows-User Profile Service/Operational" /ms:20971520`

Sekunde hizo zikiwa chache na watu bado wanalalamika, sera za kikundi (Group Policy) ndizo mshukiwa: tukio 8001 kwenye logi ya GroupPolicy linataja sekunde zilizotumika.

Majina na saa za watu kuingia ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2019, kwa hiyo wafanyakazi waambiwe, na historia iwekewe kikomo cha siku.

Mwenye seva moja tu asijichoshe. Event Viewer na kazi moja ya Task Scheduler inayotuma barua pepe kwa 1511 zinamtosha.