Jeli ya kulainisha kwa waliokoma hedhi: kazi inafanya, lebo inaficha

Jeli hii ya kulainisha uke wakati wa tendo la ndoa, iliyotengenezwa kwa maji na inayouzwa madukani mwa dawa katika tyubu ya mililita 50, imetangazwa kwa picha ya maharusi, ilhali wenye kuihitaji zaidi ni sisi tuliokwisha koma hedhi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inapopungua, ngozi ya ndani ya uke huwa nyembamba na kavu, na tendo la ndoa huanza kuuma hata kama mapenzi yako palepale. Mke hunyamaza, na mume naye hudhani amechokwa.

Kazi yake jeli hii inaifanya vizuri. Haina harufu, haiachi doa kwenye shuka na huoshwa kwa maji matupu. Hukauka upesi na kuanza kunata, lakini hapo hakuna haja ya kuongeza nyingine, kwani vidole vilivyoloweshwa maji kidogo huirudishia utelezi. Watakaosema mafuta ya nazi yanatosha wakumbuke kwamba mafuta ya aina yoyote hudhoofisha mpira wa kondomu, na kukoma hedhi hakumkingi mtu na VVU.

Ninacholalamikia hasa ni lebo. Maandishi yake ni madogo mno kwa macho ya umri wetu, na nilipoyasoma kwa miwani nilikuta gliserini imetajwa mara tu baada ya maji, bila kuelezwa ni kiasi gani. Gliserini ikizidi huvuta maji kutoka kwenye chembe hai za uke, na huenda ndiyo sababu jeli hii iliniwasha kidogo. Tangu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba vilainishi vya ukeni viwe na pH (kipimo cha uasidi) ya karibu 4.5 na osmolaliti (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka, ambavyo huvuta maji) isiyozidi 1,200 mOsm/kg, ingawa kinachofaa hasa ni 380 au chini yake. Kwenye tyubu hii hakuna hata tarakimu moja kati ya hizo.

Huduma ya dukani nayo ina la kusemwa. Kijana aliyenihudumia, baada ya kuniamkia kwa heshima, alidhani naulizia jeli ya ultrasaundi, na alipoelewa akaifunga kwa gazeti mara mbili kana kwamba ni gongo. Simlaumu sana, maana kungwi humfunda mwali kwa ajili ya ndoa, lakini wa kumfunda mke wa miaka 55 sijamwona.

Nitainunua tena hadi nipate yenye lebo inayosema kweli. Jeli hulainisha tu, haitibu ukavu wenyewe. Kwa hilo daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Damu ikitoka ilhali mwaka umepita tangu hedhi ya mwisho, iwe baada ya tendo au bila tendo, nenda hospitali upesi.