Kompaundi ya kuondoa mikwaruzo kwa mkono: uzoefu wangu na IST nyeusi hapa Tanga

Nina Toyota IST nyeusi, na rangi nyeusi haisitiri kitu. Kucha na pete zilizopita nyuma ya vitasa, vidole vya watoto walioandika majina yao kwenye vumbi la boneti, vyote vinaonekana jua likiwaka. Ubavu wa kushoto ulikuwa na ziada: njia ya shambani upande wa Pongwe imepakana na mikonge, na ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu.

Fundi rangi mmoja wa Ngamiani aliukagua mlango akaniambia ukweli: "Kaka, hapa nikigusa napiga mlango mzima, kiraka kitajionyesha." Nilimshukuru, ila sikutaka. Rangi ya kiwandani hukaushwa kwenye tanuri, na kwa mtu anayeishi kwenye hewa ya chumvi kama yetu, rangi hiyo ni mali. Nikanunua Dar es Salaam chupa ya ml 450 ya Meguiar's Ultimate Compound pamoja na sponji ya kushika mkononi, kazi nikaifanya mwenyewe nyumbani.

Kwa mikwaruzo ya juujuu nimeridhika mno. Lakini kabla hujatoa pesa yako, pima kwanza mkwaruzo una kina gani, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanaponunua wasichokihitaji. Juu ya rangi ya gari kuna utando angavu usio na rangi, ambao kwa kawaida una unene wa mikroni 35 hadi 50, yaani mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Chini yake kuna rangi yenyewe, kisha praima, yaani rangi ya msingi, kisha bati. Kompaundi haijazi mkwaruzo. Ina chembe laini mno zinazopunguza utando huo kidogo kidogo mpaka kingo za mkwaruzo zilingane na sehemu iliyobaki. Kwa hiyo lowesha mkwaruzo kwa maji. Ukipotea ukiwa umelowa, uko kwenye utando na una matumaini. Kisha upitishie ukucha taratibu. Ukucha ukinasa, mkono hautaumaliza, na ukiona weupe wa praima au bati, kompaundi iache dukani.

Kazi yenyewe inataka kivuli na bati lililopoa. Jua la Tanga la saa sita hukausha kompaundi kabla haijafanya lolote, ikabaki ukoko mweupe unaosumbua kufuta. Mimi nafanya asubuhi mapema au baada ya alasiri. Gari naliosha kuanzia juu kushuka chini kwa shampuu ya gari na maji mengi, kwa sababu punje moja ya mchanga ikibaki chini ya sponji inachora mkwaruzo mpya. Kisha nabandika ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye plastiki nyeusi na kwenye mikunjo ya bodi. Plastiki ikiingia kompaundi hubaki na madoa meupe, na kwenye mikunjo utando ni mwembamba zaidi.

Natia matone machache kwenye sponji, nashughulika na eneo la kama sentimita 30 kwa 30, si zaidi. Nasugua kwa mistari iliyonyooka inayopandana, halafu naikata kwa mistari ya upande mwingine. Mwanzo nakandamiza kiasi, mwisho nalegeza mkono kabisa. Nafuta kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, naangalia kwa tochi, narudia panapohitaji. Kitambaa changu hakikutoka na weusi. Kingetoka na rangi ya gari ningesimama hapo hapo, maana ningekuwa nasugua rangi yenyewe.

Mkono unachoka kweli, hasa bega. Mashine ni ya haraka zaidi, lakini mashine katika mkono usioizoea huunguza utando ndani ya muda mfupi, na mtu wa kawaida mwenye gari moja haihitaji.

Nyuma ya vitasa pametakata kabisa. Maandishi ya watoto kwenye boneti yamefutika, na weusi umerudi wenye kina, unaona minazi ya jirani ndani yake. Michoro ya mkonge iliyokuwa hafifu imeondoka. Miwili iliyokuwa na kina imepungua makali tu, ukisimama pembeni unaiona bado, na nimeamua kuiacha hivyo kuliko kuumaliza utando. Kabla ya kuamini macho nilipangusa kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, kwa sababu mafuta yanayobaki juu ya rangi huficha mkwaruzo. Ndiyo maana pia mnaopaka mafuta ya taa mnaona gari limepona, kisha likioshwa mikwaruzo iko pale pale.

Mkwaruzo mmoja kwenye ukingo wa mlango ulikuwa umefika kwenye bati. Huo ni wa kuwahi, hapa pwani kutu haingoji. Nilisafisha, nikaudondoshea rangi ya kichupa chenye brashi iliyochanganywa kwa namba iliyo kwenye kibati chini ya boneti, kwangu ni 209. Haupendezi ukisogea karibu, ila bati limefunikwa.

Malizia kwa waksi, kwani kompaundi inaondoa kinga yote iliyokuwepo. Na ukipeleka gari kuoshwa, nenda na kitambaa chako na shampuu yako. Sponji iliyoanguka kwenye mchanga na sabuni ya unga ndivyo vinavyorudisha ile mikwaruzo ya mviringo, na utando uliokwisha kusuguliwa haujiongezi tena.