TAHADHARI kwa mnaotaka kuweka akiba ya dhahabu: gramu tatu za kwanza huwa halisi

Ndugu zangu wa Mwanza, Geita na Kahama, na wengine wote mliosikia bei ya dhahabu inapanda mkaanza kupiga hesabu: nimepigwa milioni nane na laki nne. Nilikusudia kunyamaza, na miezi saba nimenyamaza kweli. Hata baba watoto nilimficha wiki mbili nzima. Ila Jumanne iliyopita limetokea jambo dukani kwangu, nitalisema mwishoni, nikaona aibu yangu isiwe mtaji wa mtu.

Nina duka la dawa, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi yangu ni kupima, kuhesabu na kuandika, kwa hiyo nilijiona mtu asiyedanganyika kirahisi. Mwanzoni mwa 2025 tuliuza kiwanja Buswelu, na baada ya kutoa ada za shule na madeni tukabaki na kama milioni ishirini na mbili. Sikutaka zote zikae mahali pamoja. Sehemu tukanunua vipande vya UTT (mfuko wa uwekezaji wa pamoja), sehemu ikaingia dukani, na iliyobaki nikasema niiweke kwenye kitu cha kushikika. Shilingi ikiyumba, dhahabu bei yake iko kwa dola. Benki Kuu yenyewe inanunua dhahabu ya hapa nchini kujiwekea akiba, mimi ni nani nisiwe na gramu arobaini kabatini? Wazo lenyewe sijalikana mpaka leo. Lililoniponza ni mlango niliopitia.

Mlango ulikuwa mteja wangu, dada mmoja anayechukua dawa za presha kila mwezi. Akaniambia shemeji yake ana kijana wa machimboni, mwaminifu, amewauzia watu wawili watatu. Yule dada sina ubaya naye, naye baadaye nikajua ameliwa.

Kijana akaja. "Shikamoo mama" kabla hajafika kaunta. Hakuwa na mkoba wala miwani ya giza. Alikuwa na vumbi jekundu kwenye viatu na weusi ule wa kwenye kucha ambao kila anayewauzia dawa wachimbaji anaujua. (Siku hizi naamini alijipaka nyuma ya nyumba ya jirani.) Akasema wana duara, yaani shimo la kuchimbia, na wenzake upande wa Geita, wanachenjua na kuchoma wenyewe, na hawapeleki sokoni kwa sababu ya makato. Bei yake: laki mbili na elfu kumi kwa gramu.

Ilikuwa Aprili. Bei ya dunia ilishavuka dola 3,000 kwa wakia moja. Wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo gramu moja safi ilikuwa zaidi ya dola 96, yaani zaidi ya laki mbili na nusu kwa pesa yetu. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, nikaona nafuu yangu, nikafurahi.

Nikanunua gramu tatu za kuonja. Nikazipeleka kwa sonara ninayemfahamu tangu aninyooshee pete ya ndoa. Akasugua kwenye lile jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali, mstari ukabaki palepale unang'aa. "Mama, hii safi." Siku hiyo ndiyo niliyoibiwa, ingawa pesa zenyewe zilitoka baadaye. Tangu saa ile niliacha kumpima yule kijana.

Wiki mbili baadaye akapiga simu jioni, sauti imebadilika. Mwenzao kafukiwa na kifusi, yuko hospitali, wanauza kipande kizima cha gramu arobaini, kama siwezi leo waende kwa Mhindi. Mimi nikajiona mjanja: nikamwambia tukutane kwa sonara wangu, si kwako. Akakubali bila kusita. Sonara akasugua pembe mbili, akapima mizani, gramu arobaini na pointi mbili, dhahabu kweli. Nawaambia ukweli, kile kilichopimwa mbele yangu kilikuwa dhahabu.

Tukahamia kwenye gari kuhesabu pesa, maana aliomba taslimu. Hapo ndipo akatoa karatasi ya kaki, kibahasha, mshumaa na kipande cha lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia bahasha. Akakifunga kipande, akawasha kiberiti, akaanza kudondosha lakiri juu ya mkunjo. Lakiri inanuka, inatoa moshi, na tone moja likaangukia kiti. "Samahani mama, shika hapa." Nikashika. Simu yake ikalia, akaniomba nimshikie sikioni kwa sababu mikono ina moto. Pesa mapajani, simu ya mtu mkononi, kiti kinaungua: niambieni nani kati yenu angekuwa anaangalia dhahabu. Akagonga muhuri kwa sarafu, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Mama yangu, lakiri usiivunje. Mnunuzi akiikuta nzima hakupimi tena. Ukiivunja, thamani inashuka."

Hakuna kitu kama hicho. Dhahabu haipungui thamani kwa kufunguliwa karatasi, na hakuna mnunuzi mwenye akili anayenunua bila kupima kwa sababu kaona nta nyekundu. Lakiri ile ilikuwa ya kunizuia mimi, nisifungue mpaka laini yake ya simu iwe imezimwa.

Nilikaa nayo wiki tano. Siku niliyofungua, kitu cha kwanza kilichonishtua kilikuwa harufu. Nilikishika kidogo tu, vidole vikabaki na harufu ya sarafu za daladala. Dhahabu haiachi harufu mkononi. Nikakaa chini.

Sasa sikilizeni, hiki kipimo nakiweka hapa kwa kirefu kwa sababu vifaa vyake nilikuwa navyo dukani siku zote. Chukua mizani ndogo ya kidijitali inayosoma pointi za gramu. Pima kipande kikavu, andika. Changu: 40.2. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga kipande kwa uzi mwembamba, kishushe ndani ya maji kizame chote, kisiguse chini wala pembeni, ukiwa umeshika uzi. Mizani itasoma namba ndogo. Gawanya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Dhahabu safi inatoa 19.3. Ya karati 22, yaani iliyochanganywa kidogo na madini mengine, inashuka kidogo, kumi na saba na kitu. Kwa hiyo kipande changu majini kilipaswa kusoma mbili na ushee, isifike mbili na nusu. Kilisoma 4.7. Gawanya: nane na nusu. Hiyo ni shaba ya njano, ile ya bomba na vitasa vya milango, imechovywa dhahabu kwa juu. Nilirudia mara nne, nikabadilisha hata glasi.

Angalizo moja: kuna madini yanaitwa tangsteni, kwa kipimo hikihiki yanatoa 19.25, karibu sawasawa na dhahabu, na maji hayatakwambia kitu. Wanaofanya wizi mkubwa wa vipande vilivyogongwa namba za kiwandani huyaweka katikati. Hapo dawa ni kukata au kuyeyusha. Dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1,064, tangsteni mpaka 3,422, haitatikisika kwenye moto wa sonara. Na sumaku msijisumbue nayo, maana shaba haivutwi na sumaku, dhahabu haivutwi, kwa hiyo anayekuonyesha sumaku anakuchezea kiinimacho.

Turudi kwenye bei, maana hapo ndipo ningeweza kumkamata bila hata kukigusa kipande. Alisema ni rahisi kwa sababu wanakwepa makato ya sokoni. Haya, makato yenyewe ni yapi? Mrabaha, yaani fungu la serikali, asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1, weka na ushuru wa halmashauri na vijisenti vingine, asilimia kumi haifiki. Yeye alinipunguzia karibu ishirini. Anayekwepa asilimia kumi akakupa ishirini anakula nini? Halafu hata mtorosha dhahabu halisi ana wanunuzi wanaompa bei inayokaribia ya dunia, pesa mkononi. Anitafute mimi, mama wa duka la dawa, anifanyie hisani kwa lipi?

Kuna jambo jingine ambalo linauma kulisema. Kumiliki na kununua madini ghafi bila leseni ni kosa kisheria hapa kwetu. Nilipokwenda polisi, swali la pili niliulizwa: "Mama, leseni yako ya kununua madini iko wapi?" Nikajua kwa nini alinichagua. Anatafuta mtu mwenye akiba, mwenye heshima mtaani, ambaye akiibiwa ataogopa kusema kwa sababu naye mikono si misafi. Laini ya simu ilisajiliwa kwa jina la bibi wa mkoa mwingine ambaye hana habari. Jalada lipo, sina matumaini makubwa.

Soko la madini la Geita limefunguliwa Machi 2019, na baada yake yakafunguliwa mengine mikoani. Kule kuna mashine ya kupima, mizani inayokaguliwa, wanunuzi wenye leseni na watu wa Tume ya Madini. Mchimbaji wa kweli anajua njia ya kwenda huko. Wewe mwenye akiba yako, usiye na leseni, nunua kitu kilichokwisha kutengenezwa, kwa sonara mwenye duka na leseni, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye uzito na karati. Kabla hujatoa pesa muulize swali moja: "Nikikurudishia kesho asubuhi utaninunulia kwa ngapi?" Ufundi wa bangili hulipwi unaporudisha, na tofauti hiyo ndiyo gharama yako halisi. Nimewahi kuuliza maduka matatu siku moja, majibu yalipishana mpaka nikacheka.

Wa fedha nyeupe nao wasijione wamepona. Shangazi yangu Tanga aliuziwa riali ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, kama kitu cha kale cha miaka mia mbili na zaidi, eti angalia mwaka, 1780. Zote zimeandikwa 1780! Ndio mwaka aliofariki yule malkia, na zimeendelea kugongwa kwa tarehe hiyohiyo mpaka enzi zetu. Riali halisi ina gramu 28, na asilimia 83 tu ndiyo fedha. Ni kitu kizuri, lakini lipia fedha iliyomo, usilipie hadithi.

Na ndugu zetu mlioko Muscat, Dubai na Ulaya: ukiambiwa kuna kilo kadhaa za dhahabu zimekwama Nairobi au Dar, zinangoja tu ulipie ushuru wa kuzitoa, hata kupima hakuna haja. Fungeni simu.

Sasa lile la Jumanne. Tangu Oktoba 2025 dhahabu ilipovuka dola 4,000 kwa wakia watu wamepagawa, na mimi nilijua vijana hawa watarudi. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu, alikuja kununua dawa ya macho, akaniinamia kwenye kaunta akaninong'oneza kwamba amepata kijana wa machimboni, mwenye adabu sana, na keshokutwa anachukua kipande kikubwa. Akafungua leso. Ndani kulikuwa na gramu tatu. Nikatoa mizani, nikatoa glasi na uzi, tukapima mara mbili, yeye amevaa miwani anasoma namba kwa sauti.

"Ni halisi?" akauliza.

Nikamwambia, "Halisi kabisa, mwalimu. Ndiyo maana nakuomba ukae kwanza, nifunge duka."