Uzoefu wangu na akaunti ya zuio kwa viza ya masomo Ujerumani

Naandika nikiwa Leipzig, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kwa ajili ya wenzangu wenye barua ya udahili mkononi ambao kila wakiuliza waanzie wapi wanajibiwa neno moja tu: Sperrkonto, yaani akaunti ya zuio. Mimi niliifungua kupitia kampuni moja ya mtandaoni, zile zinazokuuzia akaunti ya zuio na bima ya afya katika kifurushi kimoja. Jina lake naliacha, kwa sababu wenzangu waliotumia kampuni nyingine wana malalamiko yanayofanana na yangu, na ninachotaka ujue ni jinsi huduma yenyewe inavyokwenda. Nyota ninazoipa ni tatu kati ya tano.

Kwa asiyejua: kabla ya kukupa viza ya masomo, Ujerumani inataka kuona una fedha za kujikimu mwaka mzima. Huhitaji kuonyesha biashara ya baba wala hati ya nyumba. Unaweka fedha kwenye akaunti ambayo huwezi kuichota yote kwa mkupuo, nayo inakutolea fungu lako kila mwezi. Nilipoomba mimi, mwaka 2025, kiwango kilikuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Mwaka 2023 kilikuwa euro 11,208, kwa hiyo usishike tarakimu ya mtu aliyeondoka zamani. Angalia ukurasa wa ubalozi wiki ileile unayotuma.

Na hiyo si ada ya chuo. Vyuo vingi vya umma huku havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo linalowatoza wanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, na ndiyo maana vyuo vya huko niliviruka. Zile 11,904 ni zako, utazila mwenyewe. Nyumbani nilielezea jambo hili mara nyingi kuliko jingine lolote, maana wazee walipoiona ile hesabu walijua nimeshaingia kwenye mikono ya matapeli.

Ilikuwa Juni, na kwa shilingi za Tanzania ilikuwa kama milioni 36. Baba aliuza kiwanja cha Chanika. Mama alitoa fedha ya upatu ilipofika zamu yake. Zilizopungua alikopesha mjomba wa Mwanza, na deni hilo ni langu. Kwa hiyo siku naingia benki nilijua vizuri nimebeba jasho la nani.

Kufungua akaunti kulikuwa rahisi, nawapongeza. Nilijaza fomu usiku mmoja kwa simu, nikapiga picha pasipoti na barua ya udahili, na kesho yake mchana wakanitumia namba ya akaunti pamoja na namba ya kumbukumbu ya malipo. Ada ya kufungua haikufika euro 100.

Tabu ilianza kwenye kutuma. Fomu ya benki ya kutuma fedha nje ina sehemu inayouliza makato ya njiani atalipa nani, na vyumba vyake ni vitatu: OUR (anayetuma analipa yote), SHA (mnagawana) na BEN (anayepokea analipa). Mhudumu wa dirishani aliniambia, “Mdogo wangu, wengi wanaweka SHA, mnagawana gharama.” Nikaweka alama, nikasaini. Sikujua kwamba fedha ikitoka kwetu mara nyingi haiendi Ujerumani moja kwa moja. Inapitia benki ya kati, nayo hukata chake kabla ya kuisogeza mbele. Nilikuwa nimeongeza euro 25 juu ya kiasi nilichoambiwa, nikidhani nimejilinda. Fedha zilifika zikiwa pungufu kwa euro 11.

Kwa euro 11 hizo kampuni haikutoa cheti cha uthibitisho, na bila cheti hicho faili la viza halijakamilika. Kibaya zaidi hawakuniambia kilichopungua. Kwenye programu yao palikuwa na alama ya njano na maneno “malipo yanasubiriwa”. Niliandika barua pepe, nikajibiwa kwa maelezo ya jumla kwamba malipo ya kimataifa huchukua siku kadhaa. Nikaandika tena, yakaja maelezo yaleyale. Namba ya simu ilikuwepo, lakini ukipiga unasikiliza muziki mpaka salio linakata. Siku ya nne ndipo mtu aliyesoma kweli nilichoandika akanijibu mstari mmoja: umepungukiwa euro 11.

Nilirudi benki nikatuma euro 60, safari hii kwa OUR, na gharama ya kutuma ilikaribia kiasi chenyewe. Miadi yangu ubalozini ilikuwa Jumanne, tarehe 22 Julai. Cheti kiliingia Ijumaa jioni, nikiwa kwenye daladala ya Mbezi, nikashuka Ubungo nikatafuta pa kuchapisha palepale. Kwa hiyo ukituma, ongeza euro 100 na uchague OUR. Ziada haipotei, mimi yangu ilirudishwa pamoja na fungu la kwanza.

Ubalozini hapakuwa na jambo la kutisha. Upo Umoja House, pamoja na balozi nyingine za Ulaya. Maombi nilikuwa nimeyajaza kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, kwa hiyo siku ile ilikuwa ya alama za vidole, nakala halisi, ada ya euro 75 na maswali machache. Dada aliyenihoji aliniuliza kozi ina mihula mingapi, masomo ya muhula wa kwanza ni yapi, na kwa nini sayansi ya data wakati shahada yangu ya kwanza ni takwimu. Maswali ya mtu anayetaka kujua kama unajua unakokwenda. Mwenzangu aliyekuwa kwenye foleni alikuwa amekariri barua yake ya nia neno kwa neno, akatoka analalamika kwamba hakuulizwa hata sentensi yake moja. Soma mtaala wa kozi yako, usikariri barua. Viza ilitoka baada ya wiki tano.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ningeomba kila anayeondoka aisome mara mbili, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Kuona euro 11,904 kwenye simu na kuzishika mkononi ni safari mbili tofauti. Kampuni haikupi hata senti kabla hujafungua akaunti ya kawaida ya benki Ujerumani. Benki niliyokwenda ilitaka cheti cha kusajili makazi. Ofisi ya usajili nayo inataka karatasi ya mwenye nyumba kwamba umehamia kwake, ile wanayoiita Wohnungsgeberbestätigung. Lijifunze neno hilo hivyo hivyo lilivyo, utalitamka sana. Na ili mwenye nyumba akupe karatasi, lazima uwe umeshalipa kodi na dhamana. Fedha zako ziko mwisho wa foleni hiyo yote, na wewe uko mwanzo.

Nilishuka Frankfurt mwishoni mwa Septemba na euro 1,200 mfukoni, nikapanda treni mpaka Leipzig. Chumba cha hosteli kilianza tarehe 1 Oktoba, na siku tano za kabla ya hapo alinilaza kaka mmoja wa Kitanzania, godoro sakafuni, na ugali wa kwanza nikaula kwake, unga kautoa kwenye maduka ya Eisenbahnstraße. Dhamana ya chumba ilikuwa euro 400, kodi 305, halafu laini ya simu, shuka, sufuria. Sheria inakutaka usajili makazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Nilipata miadi ya tarehe 9, na kesho yake nikafungua akaunti benki, nikapewa namba palepale na kuambiwa kadi itakuja kwa posta. Nikaiingiza ile namba kwenye programu ya kampuni pamoja na picha ya viza na cheti cha usajili. Wao wakachukua siku kumi za kazi kuhakiki. Siku kumi za kuangalia karatasi mbili! Hapo ndipo nyota ya pili ilipoondoka. Tarehe 20 nilikuwa na euro 60, na yule kaka akaniongezea 150 bila hata kumwomba mara mbili.

Fungu la kwanza liliingia tarehe 24. Ila kadi ilikuwa haijafika, wala barua ya namba ya siri, wala ile ya kuwezesha benki ya kwenye simu, maana kila kimoja kinatumwa kwa bahasha yake na siku yake. Nilikwenda tawini. Mhudumu akageuza skrini nikaona mwenyewe: bahasha zote zimerudishwa, mpokeaji hajulikani katika anwani hiyo. Nikamwambia naishi hapo, huu hapa mkataba. Akanitolea euro 200 kwa pasipoti, lakini kuhusu barua hakuwa na jibu.

Aliyenipa jibu ni jirani yangu wa ghorofani, binti wa Kihindi aliyenitangulia mwaka mmoja. Aliniuliza swali moja: jina lako lipo kwenye sanduku la barua? Tukashuka wote mpaka langoni. Kwenye sanduku langu palikuwa na jina la Kivietinamu, la mtu aliyehama kabla yangu. Kwetu barua inakuja kwa sanduku la posta, au anayekutafuta anauliza dukani kwa Mangi anaelekezwa. Huku mleta barua anasoma jina kwenye sanduku. Kama halipo, kwake haupo, anaondoka na bahasha yako. Nilichana karatasi ya daftari, nikaandika jina langu la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti kwa herufi kubwa, jirani akanipa selotepu. Niliomba barua zitumwe upya, na ndani ya siku nane kadi ikafika, na namba ya siri ikafuata. Baada ya hapo zikamiminika nyingine: namba yangu ya mlipakodi, kadi ya bima, na ile ya mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Mkiishi wawili au watatu kwenye nyumba moja inalipwa mara moja tu, kwa hiyo ulizia kwanza kama mwenzako hajaanza kulipa.

Sehemu ya bima kampuni iliifanya vizuri sana, na hapo sina neno. Bima ya safari ilinilinda tangu naondoka Dar, na chuo kiliponitaka nithibitishe bima ya umma ili nisajiliwe, kampuni ya bima iliwasiliana na chuo yenyewe kwa mfumo wao, sikubeba karatasi hata moja. Kwa mwezi inanitoka kama euro 140. Angalizo kwa kaka na dada zangu wenye umri mkubwa kidogo: kiwango hicho cha wanafunzi ni kwa walio chini ya miaka 30. Mwenzangu wa darasani ana 33, naye ilibidi ajitafutie bima kwa masharti mengine kabisa. Kama umri wako uko huko, andikia kampuni ya bima kabla hujanunua kifurushi.

Je, 992 zinatosha? Kwa Leipzig zinatosha. Nikitoa kodi, bima na simu, nabaki na kama 520, na chakula cha mchana nakula bwalo la chuo. Walioko Munich wananiambia kodi peke yake inakula zaidi ya nusu. Ruhusa ya kufanya kazi ipo, siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, lakini mimi miezi mitatu ya kwanza sikuigusa, na nakushauri usiihesabu kabisa kwenye mipango ya mwanzo. Masomo ni mazito, na kazi nyingi hapa zinataka Kijerumani cha kuelewana. Miezi mitatu ya jioni niliyosoma Goethe-Institut pale Upanga imenisaidia kuliko koti nililonunua, kwa sababu fomu zote nilizozitaja hapa ziko kwa Kijerumani.

Zile nyota tatu ni za urahisi wa kufungua, za bima, na za kwamba tangu Oktoba fungu langu huingia bila kuchelewa. Zilizokosekana ni za zile siku nne za alama ya njano na zile siku kumi za uhakiki. Anayeniuliza kama aitumie namwambia aitumie, ila aje na euro 1,800 mkononi badala ya 1,200, na aje na kalamu nene ya kuandikia jina kwenye sanduku la barua jioni ileile anayokabidhiwa ufunguo.

Kibali changu cha ukaazi kikifika wakati wa kuongezwa, nitatakiwa kuonyesha tena fedha za mwaka mwingine. Safari hiyo nitauliza kwanza kama naweza kufungua zuio kwenye benki yangu ya hapa hapa, nikae mbele ya mtu, na tuhesabu pamoja mpaka euro ya mwisho.