Seti ya Vyambo Bandia Visivyopakwa Rangi: Viwiliwili Vizuri, Rangi za Kuweka Kando

Seti ninayoitathmini hapa huuzwa mtandaoni bila jina la mtengenezaji, ndani ya boksi lenye picha ya samaki asiyefanana na samaki yeyote wa bahari yetu. Ndani yake mna viwiliwili kumi vya plastiki nyeupe vyenye umbo la samaki mdogo, sita vya urefu wa sentimita 9 na vinne vya sentimita 11, pamoja na macho ya kubandika, pete ndogo za chuma, ndoana za meno matatu, vichupa sita vya rangi ya maji, brashi mbili na mirija miwili ya gundi ya kuchanganya. Muuzaji anadai kwamba humo mna kila kitu anachohitaji mtu ambaye hajawahi kupamba chambo. Dai hilo lina ukweli kwa nusu ya vilivyomo, na kwa bahati nzuri nusu hiyo ndiyo yenye thamani.

Katika kutengeneza chambo bandia, kinachomshinda anayeanza si kupaka rangi bali ni kupata kiwiliwili kinachoogelea. Anayechonga mti mwepesi kwa kisu anaweza kupata umbo la kupendeza jioni moja, lakini chambo chake kikiingia majini hulala ubavu, au huzunguka mpaka mshipi ukasokotana, kwa sababu uzito haukukaa tumboni au ulimi haukukaa katikati. Ulimi huo, yaani kile kibapa kinachochomoza chini ya kidevu, ndio unaosukumwa na maji hadi chambo kikazama na kutikisika. Ukienda upande kidogo tu, mtikisiko huharibika. Katika seti hii kazi hiyo imekwisha kufanywa kiwandani, na ndani ya kila kiwiliwili mna gololi ndogo za chuma ambazo huweka uzito mahali pake na kugongana chambo kinapovutwa. Mnunuzi hubakiwa na upambaji peke yake, ambao ndio burudani aliyoifuata.

Hata hivyo kazi ya kiwandani si ya kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Niliviburuta viwiliwili vyote katika maji ya kina cha kiuno huko Kigamboni kabla ya kuvipaka chochote, na kimoja kati yake kilikuwa kikikimbilia kushoto. Dawa yake ni nyepesi: kikuku cha puani kinachofungiwa mshipi hupindwa kidogo kwa koleo kuelekea upande ambao chambo hakitaki kwenda, kisha hujaribiwa tena. Jaribio hili lifanyike mapema, maana hakuna faida ya kumaliza jioni tatu ukipamba kitu kisichoweza kwenda mbele. Karatasi ya maelekezo iliyomo katika boksi hailitaji kabisa.

Haitaji pia kwamba plastiki hutoka kiwandani ikiwa na utando mwembamba wa mafuta unaozuia rangi kushika. Viwiliwili vioshwe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, vikauke, visuguliwe kidogo kwa msasa laini wa namba 400 au zaidi, kisha vipakwe rangi nyeupe ya msingi. Weupe wa plastiki yenyewe hautoshi, kwa kuwa mwanga hupenya ndani yake, na rangi kali za njano au waridi zikipakwa juu yake bila msingi huonekana zimefifia.

Sasa nizungumzie vile vichupa sita. Rangi zake ni nyepesi mno. Koti la kwanza huacha mistari ya brashi, la pili huificha baadhi, na ile ya fedha hata baada ya makoti manne hubaki kijivu kisichong'aa. Nyeusi na kijani zinafaa kwa mgongo, nyekundu inafaa kwa mashavu, na zilizobaki ningemwachia mtoto achoree kwenye karatasi. Brashi nazo humwaga nywele zake ndani ya rangi mbichi. Mtu aliyeko Dar es Salaam hana haja ya kuhangaika nazo, kwani rangi ya kucha inayouzwa Kariakoo kwa bei ndogo inafanya kazi bora zaidi: hukauka upesi, chupa huja na brashi yake katika kifuniko, na ziko aina zenye lulu, zenye chembe zinazometa na zenye ukali ambao rangi za seti haziukaribii. Tahadhari ni kwamba viyeyushi vilivyomo huweza kulainisha baadhi ya plastiki na kukunjakunja rangi ya maji iliyo chini yake ikiwa itapakwa nzito. Hivyo ijaribiwe kwanza chini ya tumbo, ipakwe kwa makoti membamba, na kazi ifanyike mahali penye hewa, mbali na jiko.

Sehemu inayomfurahisha zaidi anayeanza ni kutengeneza magamba, na ajabu ni kwamba seti haikuweka chochote kwa ajili yake. Chukua kipande cha chandarua kilichochakaa, kivute juu ya kiwiliwili kilichokwisha kupakwa rangi ya fedha au nyeupe, kibane chini ya tumbo kwa vibanio vya nguo mpaka kisiwe na mkunjo, kisha gusagusa juu yake kwa sponji yenye rangi ya kijani au bluu nzito iliyokamuliwa hadi ikaribie kukauka. Ukikiondoa, kila tundu la chandarua huacha gamba lake. Huenda hiyo ndiyo kazi pekee ya uvuvi ambayo chandarua kinaweza kufanya bila kumwudhi afisa yeyote wa uvuvi. Sponji ikilowa sana rangi hupenya chini ya nyuzi na magamba huungana. Chandarua kikilegea, magamba ya upande mmoja huwa makubwa kuliko ya upande wa pili. Rangi ya kupuliza hutoa magamba safi zaidi, lakini humaliza kopo upesi na hutaka mahali pasipo na upepo, kitu ambacho si rahisi kukipata kwenye baraza la mji wa pwani.

Anayetaka mng'ao wa kweli aachane na rangi zote za fedha, za seti na za kucha, atumie karatasi ya foili. Njia hii ina asili yenye heshima. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini aliyetengeneza mwaka 1936 chambo ambacho baadaye kilizaa kampuni maarufu duniani yenye jina lake, alichonga kwa koki, lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, akafunika ubavu kwa karatasi inayometa ya kufungia chokoleti, na kwa kukosa vanishi akayeyusha filamu za picha ili zilinde kazi yake. Kwa hiyo anayebandika foili ya chokoleti leo hafanyi mzaha. Isambazwe juu ya wavu wa waya na kusuguliwa kwa ncha ya kidole hadi ipate vishimo vya magamba, ikatwe kwa umbo la ubavu, ibandikwe kwa gundi nyembamba, kisha kingo zake zilainishwe kwa mgongo wa kijiko. Katika jua la asubuhi ubavu huo huchezesha mwanga kwa namna ambayo hakuna kichupa cha rangi kitakachoifikia.

Picha za boksi humshawishi mnunuzi aige mapambo ya rangi saba, na kwa hilo ninatofautiana na muuzaji. Samaki wawindaji wa pwani yetu, kama kolekole, nguru na mzia, hufukuza vibua na dagaa, ambao wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Tofauti hiyo ya juu na chini ina uzito kuliko nakshi zote za katikati. Wekundu nao hufifia haraka kuliko rangi nyingine maji yanapozidi kina, kwa sababu mwanga mwekundu ndio wa kwanza kumezwa na maji, hivyo chambo chekundu kitakachokwenda chini sana huonekana kama cheusi. Wakati wa masika, maji ya karibu na midomo ya mito yanapochafuka, njano yenye ukijani na mgongo mweusi huonekana kwa mbali zaidi kuliko fedha. Aliye na viwiliwili kumi apake vitatu au vinne kwa kuzingatia hayo, na vilivyobaki avipambe apendavyo, maana hakuna sheria inayomlazimu mtu kupamba kwa ajili ya samaki peke yake.

Macho ya kubandika ndiyo yaliyonishangaza kwa ubora wake. Yana mboni nyeusi ndani ya duara la dhahabu, yamevimba kidogo, na hubadilisha kiwiliwili kilichopakwa ovyo kikaonekana kimefanyiwa kazi. Yabandikwe kabla ya koti la mwisho ili gundi iyafunike, la sivyo yatabanduka katika safari ya kwanza.

Hilo koti la mwisho ndilo linaloamua kama upambaji utadumu, na hapo seti inaanguka vibaya. Mirija iliyomo ni ya gundi ya epoksi inayoganda kwa dakika tano, muda ambao kwa joto la Dar es Salaam hupungua zaidi. Kabla hujamaliza ubavu wa pili, gundi imekwisha kuwa nzito na brashi inaacha mifereji. Kiwiliwili nilichokipaka kwa mirija hiyo kilianza kugeuka manjano baada ya kuanikwa juani. Nunua badala yake epoksi inayoganda polepole, ile ya kuachwa usiku kucha, ichanganye kwa vipimo vilivyo sawa kabisa, na uikoroge taratibu ili isijae viputo. Chambo kizungushwe kwa mkono kila baada ya muda mfupi mpaka gundi ianze kushika, vinginevyo yote huteremka tumboni na kufanya tone. Siku za mvua huweza kutokea utando wa kunata juu yake. Hufutwa kwa maji ya sabuni baada ya gundi kukauka. Ulimi usipakwe, vikuku visizibwe, na koti liwe jembamba, kwa kuwa uzito uliozidi hupunguza ule mtikisiko ambao ndio sababu ya kununua viwiliwili hivi. Epoksi mbichi huwasha ngozi, kwa hiyo glavu ni za lazima.

Kuhusu ndoana sina maneno mengi. Ni nyembamba, nilinyoosha meno ya moja kwa koleo bila kutumia nguvu, na baada ya kulowekwa katika maji ya chumvi na kuachwa zilishika kutu. Kwa kidimbwi cha maji baridi huenda zikatosha; kwa kolekole, hata mdogo, hazitoshi. Pete zake nazo zibadilishwe kwa za chuma kisichoshika kutu, lakini kumbuka kwamba ndoana nzito hushusha mkia, hivyo chambo kijaribiwe tena majini kabla ya kwenda nacho mbali. Wakati wote wa kupaka rangi ndoana zisiwepo, hasa nyumba ikiwa na watoto.

Kwa bei, viwiliwili kumi vya seti hii hugharimu pungufu ya vyambo viwili vilivyokamilika vya kampuni kubwa za nje, na hata ukiongeza rangi ya kucha, epoksi nzuri na ndoana imara bado unabaki na nafuu. Kwa mvuvi wa Mwanza au Musoma anayemwinda sangara, samaki anayeweza kupita kilo 100, nisingeipendekeza. Viwiliwili vya sentimita 11 ni vidogo na plastiki yake si nene kiasi hicho. Kwa mtu wa pwani anayevulia kwenye miamba au nyuma ya ngalawa, na anayetaka kujifunza upambaji bila kuharibu vitu vya gharama, ninaipa nyota tatu kati ya tano: viwiliwili na macho vinastahili tano, rangi mbili, gundi na ndoana moja. Muuzaji huyo huyo anauza viwiliwili pamoja na macho peke yake, bila vichupa wala mirija, na hiyo ndiyo nitakayoagiza nikihitaji vingine.