Nakala za Mama wa Msaada wa Daima: kagua kiatu kabla ya kulipa

Maduka ya parokia yamejaa nakala za picha hii ya Bikira Maria akiwa amembeba Mtoto Yesu, na kwa mbali zote zinafanana. Zisogelee. Kipimo cha kwanza ni kiatu. Mtoto Yesu ameona malaika wakileta vyombo vya mateso, akamkimbilia Mama kwa hofu hata kiatu kimoja kikamvuka, kikabaki kinaning'inia kwa ukanda wake. Kama kwenye nakala ukanda huo hauonekani na kiatu ni doa la kahawia tu, mchapaji amechukua picha ndogo ya mtandaoni akaikuza. Iache hapo hapo.

Tazama na mikono. Viganja viwili vya Mtoto vimeshika mkono wa kuume wa Mama. Macho ya Mama yanakutazama wewe, ya Mtoto yanatazama kando, kwenye msalaba na misumari ya malaika Gabrieli aliye upande wako wa kulia. Mikaeli, kushoto kwako, ana mkuki na sifongo. Ukikuta wamebadilishana pande, picha imegeuzwa. Na Mama hatabasamu kabisa. Nakala "zilizong'arishwa" kwa kompyuta humpa tabasamu, na hapo huzuni yote ya picha hii inapotea. Hizo hatumshauri mtu yeyote kuzinunua, hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Ukubwa nao unaponza wengi. Picha ya asili, iliyoko Roma katika kanisa la Mtakatifu Alfonso tangu 1866, ni ya ubao, takriban sm 54 kwa sm 41.5. Karatasi ya A3 ni nyembamba kuliko uwiano huo: picha ikijazwa humo, kila upande hukatwa kama sm 1.3, na mabawa ya malaika huenda nayo. Wengine hawakati, wanaivuta, na uso wa Mama unakuwa mrefu. Agiza sm 40 kwa 30. Hapo hupotezi chochote cha maana.

Kwa nyumba nyingi tunapendekeza karatasi nene isiyong'aa, ndani ya fremu ya mbao yenye kioo. Sharti moja: kuwe na ukingo wa kadibodi kati ya karatasi na kioo. Pasipo nafasi hiyo, unyevu wa miji kama Tanga au Mombasa huigandisha picha kwenye kioo, na siku ya kuibandua rangi hubaki huko. Turubai haina shida hiyo, ila nyuzi zake humeza herufi ndogo za Kigiriki na mistari ya dhahabu kwenye mavazi. Zile zilizobandikwa kwenye mbao za unga wa miti ulioshindiliwa (MDF) hupendeza dukani, lakini ukingo ukilowa mara moja huvimba na karatasi huanza kubanduka pembeni.

Joho la Mama ni buluu iliyokolea, yenye bitana ya kijani. Likionekana jeusi tii, wino umezidi.

Ukiitundika, epuka ukuta unaopigwa na jua, maana nyekundu ya kanzu ndiyo hufifia mapema. Usipulizie dawa ya vioo moja kwa moja, itapenya chini ya fremu. Lowesha kitambaa kidogo ndipo ufute. Mshumaa wa novena (sala ya siku tisa) uwekwe mbele ya picha, hatua moja mbali na ukuta, kwa sababu masizi yakiingia kwenye karatasi hayatoki.